Umetroni Nilioukataa

Wanafunzi wangu hapa Mbeya wananisifu kwa jambo ambalo wangejua lilivyo wasingelisifu. Wanasema mwalimu hana tamaa ya cheo. Juzi chuo chetu cha uuguzi kilitangaza nafasi ya mkuu wa idara, na msichana mmoja wa mwaka wa tatu akaniambia mbele ya wenzake, "Mwalimu, wewe ndiye ungefaa, ila najua huombi. Wewe ulishamalizana na mambo ya dunia." Wenzake wakacheka kwa heshima. Nikawaambia wafungue madaftari tuendelee na somo, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko ilivyostahili. Maskini, yule binti alidhani amenikosea.

Nimemalizana na mambo ya dunia! Laiti. Acha nieleze nilivyomalizana nayo, angalau mtu mmoja asome aache kunisifu.

Kabla ya kuja kufundisha huku nilikuwa Kilolo, kwenye hospitali ya kanisa iliyo juu mlimani, kule ambako mwezi wa saba unavaa sweta mbili na bado unatafuta sababu ya kuingia jikoni. Nilikuwa inchaji wa wodi ya wazazi. Inchaji ndiye nesi anayesimamia wodi: anapanga zamu, anatafuta mikasi iliyopotea, anagombana na watu wa dawa. Juu ya mainchaji wote yuko metroni, na akiwa mwanamume anaitwa patroni. Mimi nilitaka umetroni. Nisiupambe huo utakaji. Niliutaka vile mtoto anavyoitaka nyama iliyobaki kwenye sahani ya baba yake.

Nilikwenda Mbeya kusomea digrii nikiwa na mtoto mgongoni, mwingine nimemwachia mama yangu kijijini. Nilisoma na usingizi, nikala maandazi makavu, nikarudi na cheti. Nikakitundika sebuleni mahali ambapo mgeni akikaa hawezi kukikwepa. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi na ni mtu wa utani, basi kila akirudi kazini alikuwa anavua kofia anakiamkia: "Shikamoo digrii."

Tulicheka, lakini mambo hayakuwa ya kuchekesha. Metroni wa wakati ule alikuwa anakaribia kustaafu, na mimi nilikuwa namwangalia akipanda ngazi taratibu, nahesabu moyoni magoti yake yatamfikisha wapi. Mwanamke aliyenifundisha kazi! Mwenzangu mmoja, kaka aliyekuwa inchaji wa wodi ya wanaume, naye alikuwa na digrii, na sote tulijua kiti ni kimoja. Tulisalimiana kwa meno. Akisifiwa kwenye kikao, mimi chakula cha mchana hakipiti. Nikianza kazi mpya najiuliza kwanza nani ataiona. Nikapata presha. Daktari aliyenipima aliniuliza nyumbani kuna shida gani, nikamjibu nyumbani hakuna shida, shida zote nimezileta huku nikaziwekea kiti.

Katika yote hayo, kuna kitu kimoja tu nilikifanya bila kuangalia nani ananiona. Nyuma ya wodi yangu kulikuwa na jengo refu la tofali, limejaa vitanda vibovu na makasha. Mimi na wauguzi wangu tulilisafisha tukalifanya nyumba ya kusubiria. Kilolo ni milima na mabonde, na mvua ikikolea kuna vijiji ambavyo hata pikipiki inavikimbia. Sasa mjamzito wa huko, hasa yule aliyewahi kupasuliwa, akisubiri uchungu umkute nyumbani, amekwisha. Basi walikuja mapema, wiki za mwisho, wakakaa pale wakiwa hatua chache kutoka chumba cha upasuaji. Kila mmoja alikuja na sufuria yake, unga, maharage na blanketi. Walipika wenyewe jiko la nje, wakasukana, wakasemana, wakacheka mpaka wodi nyingine zikaleta malalamiko. Nikichoka nilikuwa napita pale kuonja maharage. Wananiambia, "Dada nesi, kaa," nami nakaa.

Mmoja wao nilimpenda kuliko wengine, na inchaji hapaswi kusema hivyo. Alitoka kijiji cha ng'ambo ya mto, mwembamba, mweusi, mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake. Watoto wake wawili, wote wa kike, walitoka kwa kupasuliwa, na yule wa pili alimsubiria kwetu. Alikuwa anawachekesha wenzake kwa kuiga ninavyotembea zamu ikianza. Siku anaruhusiwa nilimwonya: ukibeba mimba tena, uzae hapa tu, na uje mapema, usisubiri hata maumivu ya mgongo. Akasema, "Nyumba ikiwepo, nitakuja." Nikamwambia nyumba ipo, itakwenda wapi?

Kwaresima iliyofuata, kina mama wa usharika wetu tulikwenda mafungo Iringa mjini. Mchungaji aliyetuongoza alikuwa msichana, mdogo kwangu kwa mbali, kavaa raba chini ya kanzu. Nilimdharau kidogo. Akafundisha habari ya kuachilia. Alisema fanya kazi yako kwa moyo wote, halafu matokeo yake mwachie Mungu, usishikamane na kiti wala na sifa, maana moyo ulioshika sana hauna nafasi ya kupokea. Yote hayo nilikuwa nimeyasikia. Halafu akatuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anauliza saa ngapi, "Ukivuliwa sare yako leo, anayebaki ni nani?"

Nililia. Sikulia kiibada, nililia vile mtu anavyolia akipigiwa simu ya msiba. Mama aliyekaa karibu yangu alidhani nimefiwa, akanipa kanga yake nifute kamasi. Nilikuwa nimejitafuta pale chini ya sare, na sikumkuta mtu.

Simlaumu yule mchungaji hata leo. Alifundisha vizuri. Mimi ndiye niliyechukua nusu ya somo nikaondoka nayo mbio.

Ikaja Sikukuu ya Mavuno. Kwetu sikukuu hiyo ina mambo yake. Watu wanaleta kanisani walichovuna: debe la mahindi, njegere, viazi, kuku waliofungwa miguu wanaolalamika katikati ya mahubiri. Baada ya baraka vyote vinatolewa nje, na mzee wa kanisa mwenye sauti kubwa kuliko wenzake anavinadi, na fedha inabaki kanisani. Wengi huwa wananunua kile kile walichokileta, hakuna anayewashangaa. Lakini mama yangu alikuwa na sheria yake tangu tukiwa wadogo: ulichokiweka madhabahuni, usikifuate mnadani. "Ukikifuata," alikuwa akituambia, "basi hukukitoa, ulikuwa unakitembeza tu." Kaka yangu aliwahi kuchapwa kwa kulilia sungura aliyekuwa amemtoa mwenyewe.

Mwaka ule nilileta jogoo mwekundu, mkorofi, aliyekuwa anawafukuza watoto uani. Nilipomkabidhi nikasema moyoni, Bwana, huyu ndiye umetroni wangu. Nautoa. Sitaufuata. Na nani akamnunua jogoo wangu? Yule yule kaka wa wodi ya wanaume! Alipandisha bei mpaka watu wakampigia makofi, akamkwapua jogoo, akaondoka naye kwapani. Mume wangu akaninong'oneza, "Jogoo wako kapata uhamisho." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Na kweli, nilijisikia mwepesi.

Haukupita muda daktari mkuu wa hospitali akaniita ofisini kwake. Metroni anaondoka, akasema, na kamati imeongea. "Nafasi ni yako, dada. Andika barua tu, iwepo kwenye faili." Hebu fikiria. Kile nilichokilia miaka yote kiko mezani, kimefunikwa vizuri, kinasubiri mkono. Nikamwambia nashukuru sana, ila mpeni mwenzangu.

Akavua miwani. "Unaumwa?"

"Siumwi, daktari."

"Mumeo amekataa?"

"Hajakataa."

"Basi ni nini?"

Nikamwambia nimeshatoa. Hakunielewa, na angenielewaje? Alinipa siku za kufikiria, mimi sikufikiria, niliona kufikiria kwenyewe ndiko kufuata mnadani. Jioni nikamweleza mume wangu. Hakutania. Aliniuliza mara moja tu kama nina hakika, nikasema ndiyo, akasema haya.

Na sasa niseme ukweli ambao unanisumbua zaidi. Amani ilikuja. Watu wangependa niseme ilikuwa ya uongo, ingekuwa rahisi kuisimulia. Haikuwa ya uongo. Presha ilishuka. Nililala. Nilianza kuwauliza wauguzi wangu habari za watoto wao na kusubiri jibu. Kaka yule alipotangazwa kuwa patroni nilimpa mkono na mkono wangu ulikuwa na joto, naye akashangaa akanishikilia muda mrefu. Nikakishusha cheti sebuleni nikatundika kalenda. Kama hadithi ingeishia hapo, ningekuwa mfano mzuri wa mahubiri.

Patroni hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili kwa sababu najua inakotaka kwenda chuki ya msomaji, nami nilishawahi kwenda huko, hakuna kitu. Alikuwa mtu nadhifu anayependa mambo yaende, na hospitali ilikuwa na hali ngumu. Mishahara ilichelewa. Katika kikao cha kwanza cha mainchaji akasema lile jengo la nyuma ya wodi ya wazazi haliingizi chochote, na wakati huo huo kuna watu wa mjini wenye bima wanaotaka chumba chenye choo chake. Tulifanye wodi ya daraja la kwanza. Wenzangu wakatikisa vichwa kukubali, maana nani hataki mshahara? Kisha akanigeukia. "Inchaji wa wazazi, hili linakugusa. Una neno?"

Nilikuwa na maneno! Yalinijaa mdomoni. Nilikuwa najua kila kijiji kinacholeta wanawake pale, najua waliofika salama na wale ambao, kabla ya nyumba ile, tuliwapokea wakiwa wamefunikwa. Ningeweza kusimama nikapiga meza. Zamani ningepiga. Lakini nikahisi moyo unaanza kwenda mbio, ile mbio ya zamani, na nikajiambia, unaona, tamaa inarudi, inapitia mlango wa nyuma. Achilia. Nikavuta pumzi, nikasema kwa upole, "Nina wasiwasi kidogo na akina mama wa mbali."

"Wasiwasi umepokelewa," akasema patroni, na katibu akaandika, na tukaenda kwenye ajenda ya maji.

Nilitoka kwenye kikao kile nikijipongeza. Jamani, nikijipongeza! Nilitembea mpaka wodini nikiwa na utulivu wangu kama mtu aliyebeba mayai.

Mwisho wa wiki nilikwenda kijijini kumwona mama. Tulikuwa tunapukuchua mahindi uani, nikamsimulia. Nilidhani atafurahi. Nikamweleza jinsi nilivyoutoa umetroni, jinsi nilivyokaa kimya kuhusu nyumba ya kusubiria, yote kwa sheria yake aliyotufundisha, ulichokitoa usikifuate. Mama akaacha kupukuchua.

"Yelewi! Mwanangu, mimi nilikuwa nasema habari za kuku."

"Najua mama, lakini maana yake..."

"Maana gani? Kuku alikuwa wako. Mahindi yalikuwa yako. Hata hicho cheo, haya, tuseme kilikuwa chako, ukakitoa. Hao wanawake ni wako? Nani alikupa ruhusa ya kuwatoa?"

Nikakasirika. Nikamwambia haelewi mambo ya kiroho, mama yangu aliyenifundisha kusali. Aliendelea na mahindi yake, na mimi nikakaa nikiwa nimevimba mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia. Nilipoinuka kuondoka akanifungashia mahindi na maboga kama kawaida, ila hakunisindikiza mpaka njiani.

Maneno yake yaliniwasha kila siku. Mwishowe nikaenda kwa patroni, safari hii nikiwa nimejiandaa kupiga meza. Alinisikiliza vizuri sana. Akanionyesha kupitia dirishani: mafundi walikuwa wameshabomoa jiko la nje, marumaru za choo zimepangwa pembeni. "Dada, ungesema siku ile," akasema, na alisema kweli. "Siku ile ningekusikiliza. Sasa nikaiambie nini kamati?" Nikaenda kwa daktari mkuu, naye akaniambia hayo ni mambo ya patroni, yeye hawezi kumruka. Halafu akaniangalia kwa muda. Nilielewa anakumbuka miwani aliyoivua.

Mvua zilipoanza, yule mama wa ng'ambo ya mto akaja. Alikuwa na mimba ya tatu, na alikuwa amenitii: alikuja mapema, hana maumivu, ana sufuria kichwani, blanketi na kimfuko cha maharage. Alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba yake. Mlinzi akamrudisha kwangu.

"Kamwene, dada nesi," akanisalimu huku anacheka. "Mmeifunga nyumba yetu? Nimekuta imepakwa rangi, nikasema labda kuna harusi, sasa mnatuozesha."

Nikamweleza. Alisikiliza, kicheko kikabaki usoni kwa muda kwa sababu hakujua akiweke wapi. Wodini sikuwa na kitanda. Waliojifungua walikuwa wanalala wawili wawili, na amri ilikuwa wazi, asiye na uchungu asilazwe. Nikampigia patroni. Akaniambia kwa adabu zake zote kwamba tukianza na mmoja tutakuwa tumefungua nyumba upya wodini.

Nikamwambia, basi twende kwangu. Ukweli, nilimwambia, na nilimaanisha. Akakataa. "Kwako kuna baba mwenye nyumba," akasema. "Nikae sebuleni kwa mwanamume wa watu na tumbo hili, nijinyooshe wapi? Nikitaka kulia, nilie wapi? Kule tulikuwa sisi kwa sisi." Nikambembeleza. Nikamwambia mume wangu atahamia kwa rafiki yake. Hapo ndipo akashtuka kabisa, kwamba amfukuze mtu kwake. Hakuwa na ndugu pale. Akasema atarudi nyumbani, watoto nao amewaacha kwa mama mkwe ambaye ni mgonjwa, na siku zikikaribia hasa atakuja na bodaboda. Nikamwandikia namba yangu ya simu kwenye kadi ya kliniki. Nikamlipia nauli ya kurudi. Nikasimama barabarani mpaka pikipiki ikapotea kwenye kona, na moyo wangu haukuwa na amani yoyote, ila nikaendelea na zamu.

Uchungu ulimkuta mto umejaa. Waliomleta walimbeba kwa kitanda mpaka kwenye daraja la juu, kisha kwa bodaboda, mwanamume mmoja amemshika kwa nyuma asianguke. Alifika mchana, hazungumzi, midomo imekuwa myeupe. Nilipoweka mkono tumboni nikajua kabla hata daktari hajafika. Kizazi kilikuwa kimepasuka mahali pa kovu. Walimwahi yeye. Mtoto hawakumwahi. Alikuwa wa kiume, mkubwa, mzuri, hana kasoro hata moja. Kizazi kikaondolewa ili damu isimame. Mimi ndiye niliyemwosha mtoto na kumfunga, kwa sababu sikutaka mtu mwingine aifanye kazi hiyo, na nilipomaliza nilikwenda stoo ya shuka nikafunga mlango.

Sikukaa sana Kilolo baada ya hapo. Nilimaliza mwaka, nikaomba kazi ya kufundisha huku Mbeya, watu wakasema nimepata maisha. Patroni bado ni patroni, na wodi ya daraja la kwanza nasikia inajaa na mishahara inatoka kwa wakati. Mama yangu hajawahi kurudia maneno yale, na nisingeweza kumwomba ayafute maana ni ya kweli. Mimi bado nasali kuachilia. Bado naamini yule mchungaji wa raba alisema sawa kuhusu kiti na sifa. Ila kila nikijiambia nimeachilia, siku hizi najiuliza nimeachilia nini, cha nani, na nani ataangukiwa nacho. Hiyo nafasi ya mkuu wa idara sijaiomba. Nikisema ni utulivu nitakuwa najidanganya. Naogopa kuitaka, na naogopa kuikataa, na siku ya mwisho ya kutuma maombi inakaribia huku najifanya nina madaftari mengi ya kusahihisha. Ninajuta, na majuto yangu hayajanifundisha hata jambo dogo kama hilo.

Lakini ni ile asubuhi ya wodini inayonifanya niwakatize wanafunzi wakinisifu.

Ilikuwa siku chache baada ya upasuaji. Maziwa yalikuwa yamekuja. Yanakuja tu, hayajui kama mtoto hayupo. Matiti yake yalikuwa yamekuwa magumu, hawezi hata kushusha mkono, na nilikwenda kumsaidia ayakamue kidogo apate nafuu. Tulivuta pazia. Upande wa pili kulikuwa na vichanga vinalia, na kila kimoja kilipolia maziwa yalichuruzika yenyewe. Nilishika bakuli. Alikamua kwa muda mrefu, kisha akaniuliza taratibu, kama mtu ambaye amelifikiria sana swali lake akaona si kosa kuliuliza.

"Dada nesi, si wewe ndiye mkubwa hapa?"

"Hapana," nikasema. "Mkubwa ni patroni."

"Sisi wote kule nyumbani tunajua ni wewe." Akabadilisha titi. "Walikunyima?"

Ningeweza kusema ndiyo. Angenionea huruma, najua, angenionea huruma akiwa katika hali ile.

"Hawakuninyima. Walinipa, nikakataa."

Akaacha kukamua. "Kwa nini?"

Nilitafuta namna ya kusema. Nilikuwa na maneno mengi ya mafungo, mazuri, na niliyaona yakinipita mbele moja moja, hakuna hata moja lililofaa kusemwa mbele ya kifua kile.

"Nilitaka kupata amani moyoni," nikamwambia.

Akaniangalia. Hakukuwa na ubaya machoni mwake, wala lawama. Alikuwa anataka kujua tu, vile unavyomuuliza jirani aliyekuwa anatafuta mbuzi wake.

"Umeipata?"

Nikamwambia hapana. Akainamia titi lake, akaendelea kukamua, na mimi nikaendelea kumshikia bakuli.